Pini za Ndege Kwenye Karasha ya Dada

Dada yangu mkubwa alikuwa na karasha kule Nyakunguru, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na Jumapili moja nilipomtembelea alinishika mkono hata kabla sijakaa, akanipeleka kuitazama. Injini ilikuwa imezimwa kwa sababu wateja wengi walikuwa kanisani. Alifunua pipa la chuma, akaniambia nichungulie.

"Tazama hapo, mura. Hapo kwenye nyundo." Mura, yaani kijana kwa Kikurya, ndivyo alivyoniita tangu utotoni.

Ndani ya karasha mna sahani nene zilizofungwa kwenye mhimili, na baina ya sahani hizo zinaning'inia nyundo nne. Injini ya dizeli ikizungusha mhimili, nyundo hurushwa nje na kuyapiga mawe mpaka yanakuwa unga. Kila nyundo hushikiliwa na pini moja, kipande cha chuma cha mviringo kinachopita kwenye tundu lake. Pini ndiyo inayoumia kuliko kitu kingine. Katika karasha nyingi za pale pini zilikuwa vipande vya nondo za ujenzi, navyo vililika na kupinda upesi, nyundo zikaanza kugongana, na kazi ikasimama.

Za dada hazikuwa nondo. Zilikuwa laini, zinang'aa, zenye tundu katikati kama kipande cha bomba nene, na fundi alikuwa amepitisha bolti ndefu ndani ya tundu ili zisichomoke.

"Tangu nizifunge hazijalika hata kidogo," alisema. "Wenzangu wanabadilisha nondo, mimi nasaga. Unajua ni nini hizo?"

"Ni nini?"

"Chuma cha ndege." Alinipiga begani. "Wewe umekaa na ndege miaka yote hiyo, hujawahi kuniletea hata bolti moja. Nimezipata kwa fundi wa Nyamisangura, mtu baki."

Niliingiza mkono, nikafuta grisi kwenye ncha ya pini iliyokuwa karibu. Chini ya grisi kulikuwa na rangi nyekundu. Niliifahamu. Nilikuwa nimeipaka kwa mkono wangu.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ndogo ya ndege za kukodi yenye karakana kwenye kiwanja kimoja cha changarawe upande wa Serengeti. Ndege zetu zilikuwa za injini moja, za pistoni. Zilibeba watalii, na tangu bei ya dhahabu ilipopanda zilibeba pia wanunuzi waliokuja na mabegi ambayo hawakutaka mtu awasaidie kuyashusha. Mimi nilimaliza darasa la saba Nyansurura, nikachunga ng'ombe wa baba, kisha nikaajiriwa kufyeka nyasi za kiwanja. Habari za injini nilizisoma humo stoo, kwenye vitabu vya matengenezo, kamusi ikiwa pembeni.

Mkuu wa karakana alikuwa mhandisi kutoka Kisumu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Tulimwita Injinia. Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka wa Sirari kiliwachekesha watu wa kwetu, naye hakujali.

Siku moja lilifika agizo kuhusu pini za pistoni. Pini hiyo ndiyo inayoiunganisha pistoni na konrodi, mkono wa chuma unaozungusha injini. Kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimegundua kwamba fungu moja halikupata joto sawasawa tanurini, kwa hiyo chuma chake kingeweza kuanza kupasuka kwa ndani bila dalili ya nje. Pini ikikatika angani, konrodi hubaki ikipiga ovyo ndani ya silinda mpaka injini inavunjika, na ndege ya injini moja haina nyingine ya kuifikisha chini. Kiwanda kilitoa taarifa. Mamlaka za usalama wa anga zikaifanya amri: ndege yenye pini za fungu lile isiruke mpaka zitolewe, na zikishatolewa ziharibiwe kabisa, zisiweze kufungwa tena mahali popote.

Injinia alilinganisha namba, akakuta injini yetu moja ina pini sita, zote za fungu lile. Abiria wa ndege hiyo walikuwa wameshafika kiwanjani na masanduku yao.

"Injini inaunguruma vizuri," meneja alimwambia. "Rubani hana lalamiko lolote."

"Kweli, haina shida," Injinia akajibu. "Na haiendi."

Tuliwatafutia abiria gari. Wengine walipita mbele yetu bila kutuangalia, na mmoja alimwambia Injinia maneno ambayo sikuyatafuta kwenye kamusi.

Pini zilipotoka zilikuwa nzuri kuzitazama. Nilizipaka rangi nyekundu kwenye ncha, kama tulivyofanya kwa kila kipuri kilichokataliwa. Kilichobaki kilikuwa kuzikata, lakini mawe ya mashine ya kukatia yalikuwa yamekwisha na mengine yalikuwa hayajafika kutoka Mwanza. Stoo yetu ilikuwa imevunjwa mara mbili na wezi wa nyaya za shaba. Injinia aliogopa kwamba mwizi angezichukua pini zile na kuziuza kama vipuri, mwishowe zikarudi ndani ya ndege ya mtu. Akaamua tuzifukie kwa muda, ndani ya kopo la rangi lililojazwa saruji, nyuma ya karakana.

Hilo lilikuwa kosa la mgeni. Mlinzi wetu, mzee wa kabila la Wanata, alisimama akitutazama tunachimba.

"Injinia," alisema, "huku ukichimba shimo unaita watu."

"Nafukia chuma mbovu, mzee. Nani atataka chuma mbovu?"

"Kitu kibovu watu wanatupa. Wewe umekipaka rangi, umekitia saruji, umekifukia, na umeniambia nikilinde."

Injinia alicheka. Kesho yake tulipofika kazini, shimo letu lilikuwa limegeuka shimo la watu wazima. Habari ilikuwa imesambaa kwamba wanunuzi wa dhahabu wameficha kopo lao kwa Mkenya. Kopo lilikuwa limechukuliwa, na udongo wenyewe ulikuwa unajazwa kwenye viroba upelekwe mtoni kuchekechwa. Tuliwaambia hakuna dhahabu. Kijana mmoja aliyekuwa shimoni mpaka kifuani aliinua uso akamwuliza Injinia, kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee. Mwamba wenye dhahabu unaelekea upande gani?"

Tulizitafuta pini kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka Mugumu. Hakuna aliyekiri kuziona. Injinia aliwaandikia wakaguzi kwamba pini zimetolewa kwenye ndege lakini hazikuharibiwa, na kwamba hajui ziko wapi. Meneja alimsihi aandike tu kuwa zimeharibiwa, akakataa. Wakaguzi walimkaripia, naye hakujitetea.

Nilimsimulia dada hayo yote tukiwa tumekaa juu ya viroba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mjane. Karasha ile ndiyo ilikuwa shamba lake na zizi lake, na watoto wake wawili walikuwa sekondari kwa unga wa mawe ya watu.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Uzitoe. Kesho usisage nazo."

"Niweke nini?"

"Rudisha nondo."

"Nondo!" Alimgeukia mwanamke aliyekuwa anamsaidia kumwaga mawe, kana kwamba ndiye aliyepaswa kuamua. Kisha akanigeukia mimi. "Hebu niambie, mura. Hiyo amri inasema ndege, au inasema karasha?"

"Inasema ndege."

"Wamekataza ndege kwa sababu iko juu. Karasha yangu iko chini. Ikikatika itaanguka wapi?"

Yule msaidizi alicheka mpaka akashika kiuno. Ilinibidi nisubiri amalize. Nikaeleza kwamba haitaanguka, itaruka. Pini ikikatika nyundo inaachiwa ikiwa kwenye mwendo wake wote, na pipa lile lilikuwa bati la kawaida lililochomelewa.

"Nondo zikichoka zinapinda," nikasema. "Unasikia zinagonga, unazima. Hizi hazipindi."

"Ndiyo maana nazipenda."

"Hazipindi, dada. Zinakatika."

"Umeona iliyokatika?"

"Sijaona."

"Kwenye ndege yenu ilikatika?"

"Hapana."

"Basi umesoma tu."

"Nimesoma tu."

Dada hakuwa mtu wa kudharau kusoma. Ndiye aliyeniombea kwa baba ninunuliwe kamusi ile. Lakini karasha ya jirani yake ilikuwa imeharibika, na wateja wote walikuwa wamehamia kwake. Akisimama siku moja, wangeenda kutafuta pengine na wasirudi.

"Angalau wateja wakae mbali," nilimwambia.

"Mwenye mawe umhamishe? Jaribu uone."

Nilijua hilo haliwezekani. Pale Nyakunguru mwenye mawe haachi mawe yake. Amekesha nayo, ameyabeba kichwani, na hajui kama ndani mna kitu au hamna. Yakiingia kwenye karasha anakaa karibu na pipa kiasi cha kuligusa, macho kwenye mdomo unaotoa unga, asije mtu akafagia konzi moja pembeni. Hukaa hapo mpaka mwisho, amefunikwa na vumbi, na jirani yake aliye kwenye foleni hukaa nyuma yake ili asipitwe zamu. Kuna akina mama waliokuwa wakinyonyesha hapo hapo. Nilipozitazama zile sehemu zilizong'aa kwenye ardhi, mahali ambapo watu hukaa kila siku, niliona kwamba zimelizunguka pipa pande zote.

"Mwambie aliyezifukia aje mwenyewe," dada alisema akinipa chai. "Mimi sikuiba kitu."

Sikurudi Serengeti. Nilipanda pikipiki kwenda Tarime, na alasiri nilikuwa Nyamisangura kwa yule fundi. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka Tanga kuja kufua vyuma huku bara, na karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka, na mashine ya kukereza chini ya turubai. Alikuwa akimtengenezea mtu bawaba.

"Karibu, karibu," alisema nilipojitambulisha. "Mtu wa ndege kwangu! Leo nafunga mapema nikawasimulie msikitini."

Nilimweleza kilichonileta. Aliiweka bawaba chini, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Rangi nyekundu niliiona," alisema. "Wallahi niliiona. Nikadhani ni alama ya mwenyewe, kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Tena nikasema, kitu kilichopigwa chapa kimepimwa kikafaa."

"Kwetu nyekundu ni kukataliwa."

"Kwenu. Basi mngeandika, bwana. Mngeandika hata 'sumu'."

Alifungua mtoto wa meza akatoa pini moja. Aliyemletea, mnunuzi wa vyuma chakavu, alileta tano. Nne ndizo alizozifunga kwa dada. Ya sita hakuwahi kuiona, na sisi hatukuipata mpaka leo. Labda mtu aliitumia kama mchi, labda iko mahali pabaya. Injinia aliendelea kuiulizia miaka yote niliyofanya kazi naye.

"Yule mama nimemfungia kwa mikono yangu," fundi alisema. "Nikamwambia, hizi utawarithisha wajukuu." Aliitazama ile pini kwenye kiganja kama mtu aliyedanganywa na rafiki. "Anakaa karibu na ile mashine?"

"Wanakaa wote."

Fundi alichagua kipande cha shafti kuukuu kisicho kigumu sana, akakifunga kwenye mashine ya kukereza, akaanza kutengeneza pini nyingine za ukubwa ule ule. Aliniambia mapema kwamba zitalika. "Zitalika upesi kuliko hizo, zitachelewa kuliko nondo. Hapo katikati ndipo ninapoweza kufika."

Alipokuwa akikereza nilitoka nje nikampigia Injinia.

"Ziko kwa nani?" aliuliza.

"Kwa dada yangu. Nne."

"Zinazunguka?"

"Leo wamepumzika. Kesho asubuhi zitazunguka."

Nilisikia akimwambia mtu ampe funguo za gari. Nilimwambia nilichokuwa nakifikiria tangu Nyakunguru: kwamba amri ilihusu ndege, na kwamba kwa wakaguzi ingetosha sasa kujua zilipo.

"Hii si mambo ya inspekta," alisema. "Mimi nilitoa hizo pini kwa ndege kwa sababu nilisema haziwezi beba watu. Sasa zimebeba watu. Nitakupata huko kwa dada yako asubuhi."

Fundi alinipa mahali pa kulala, na asubuhi tuliondoka naye kwa pikipiki yake, pini mpya zikiwa kwenye mfuko wa shati lake zikigongana kila tulipopita kwenye shimo. Tulisikia karasha kabla ya kuiona. Dada alikuwa ameanza.

Gari la Injinia lilikuwa limeshafika. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya duara la watu, hatua moja kutoka kwenye pipa, mikono nyuma, na dada alikuwa anamwonyesha kwa ishara kwamba asubiri. Kiroba cha mawe cha bibi mmoja kilikuwa kimeshamwagwa. Hapo pia kuna desturi yake: mawe ya mtu yakiingia hayakatizwi. Ukizima katikati, atasema dhahabu yake imebaki ndani ya pipa ikachanganyika na ya mwingine, na kesi hiyo haiishi. Kwa hiyo tulisubiri kiroba kiishe. Bibi alikuwa amekaa goti lake likigusa bati, kitenge amekivuta mdomoni kwa ajili ya vumbi. Fundi alikuwa anasoma kitu kimoyomoyo. Injinia hakurudi nyuma hata mara moja. Mimi, nikiwa nimejua kilichokuwa ndani, nilirudi, kisha nikaona aibu nikasogea tena mbele.

Kiroba kiliisha. Dada akazima.

"Wewe ndiye uliyefukia?" alimwuliza Injinia.

"Ndio mama. Ni mimi."

"Ulifukia vibaya."

Watu walicheka, naye akakubali kwa kichwa. "Nilifukia vibaya. Nimekuja kuzitoa."

"Kwanza nionyeshe ubovu wake. Ndugu yangu amesoma kwenye karatasi. Mimi nataka kuona."

Injinia alikuwa amekuja na makopo ya kupimia nyufa. Fundi alizitoa pini, wakazisafisha kwa petroli mpaka zikang'aa, wakazipanga juu ya ubao. Injinia alizipulizia dawa nyekundu, akaiacha kidogo ipenye, akaifuta, kisha akazipulizia unga mweupe. Aliwaeleza watu kwamba kama kuna ufa, hata mwembamba kuliko unywele, wekundu uliojificha ndani yake utajitokeza juu ya weupe kama mstari. Watu walisogea wakamwinamia begani. Nami niliinama. Nakiri nilitamani mstari ule uonekane.

Pini ya kwanza ilibaki nyeupe. Ya pili pia. Zote nne zilibaki nyeupe kama mayai.

"Safi!" kijana mmoja alipaza sauti. Wengine wakapiga makofi. "Injinia, rudi na makopo yako!"

Dada aliweka mikono kiunoni. "Umeona?"

"Nimeona," Injinia alisema. "Hata kule karakana zilionyesha hivi hivi. Ufa wake unaanzia ndani. Hii dawa inaona nje tu."

"Kwa hiyo hujui kama ni mbovu."

"Sijui. Inaweza kuwa moja ni mbovu. Inaweza kuwa zote ni nzuri."

"Na unataka nisimamishe karasha kwa kitu usichokijua."

"Ndio, mama."

Nilikuwa nimetegemea amtishe, na nilikuwa tayari kumsaidia. Ningeweza kusema nyundo itampasua mtu kichwa, na isingekuwa uongo. Lakini Injinia alikuwa amemaliza kusema aliyoyajua, akakaa juu ya jiwe karibu na ubao, akasubiri. Dada alimsogelea.

"Wale wa kwenye ndege," aliuliza, "walijua kuna pini?"

"Abiria? Hawakujua."

"Walichelewa?"

"Sana. Walienda na gari mpaka usiku."

"Wakakushukuru?"

"Hapana. Mmoja alinitukana vibaya."

Dada alicheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Na hukuwaachia waende."

"Singeweza."

Aliwageukia wateja wake. Bibi yule alikuwa anakusanya unga wake kwa viganja. Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshasogeza kiroba chake na kukaa mahali pake, bega kwenye bati, ijapokuwa karasha ilikuwa imefunguliwa na haina nyundo. Dada aliwaambia kwa Kikurya wasogee nyuma kidogo. Hakuna aliyesogea. Aliwaambia tena, kwa ukali. Yule mwenye mtoto alimjibu kwamba mawe yake yako hapa, atasogea aende wapi?

"Hawa nao hawatanishukuru," dada alisema. Alisema polepole, kama anayehesabu kitu ambacho hakimpendezi. Kisha akamwambia fundi, "Ulileta hizo nyingine?"

Fundi aligusa mfuko wa shati.

"Zifunge. Na wewe Injinia, usiondoke nazo nzima. Ukifukia tena watachimba mpaka Kenya. Kata hapa hapa, kila mtu aone."

Injinia aliwasha jenereta kwenye gari akaleta mashine ya kukatia. Cheche zilipoanza kuruka, mzee mmoja alikuja mbio na karai, akalikinga chini ya pini ili akusanye vumbi la chuma, kwani huwezi kujua. Hakuna aliyemzuia. Kila pini ilichukua muda mrefu, chuma kilikuwa kigumu kweli, na vipande vilipoanguka vilikuwa vyeupe na safi mpaka katikati. Hapakuwa na doa wala mstari. Tulizikata zote tano, pamoja na ile ya kwenye meza ya fundi, ambayo alikuja nayo, na hatukuona ubovu wowote ambao jicho lingeweza kuuona.

Dada aliokota nusu moja ilipopoa, akaigeuza kwenye kiganja.

"Kizuri hiki," alisema.

"Kizuri sana," Injinia akasema.

Dada alimrudishia. Wateja wawili walikuwa wameshabeba viroba vyao kwenda kutafuta karasha nyingine, akawatazama wakipanda njia bila kuwaita. Jua lilikuwa limepanda. Fundi alimaliza kukaza bolti, akajitahidi kuuzungusha mhimili kwa mkono, akasikiliza, akamwambia dada kwamba atakuja kila Ijumaa baada ya swala kuzitazama na kuzibadilisha zitakapokuwa zimelika.

"Ijumaa ni mbali," dada alisema. "Nifundishe nizitazame mwenyewe."

Akamfundisha hapo hapo, wameinama wote wawili kichwa ndani ya pipa, akimwonyesha kwa ukucha mahali pa kugusa ili asikie kama chuma kimeanza kuingia ndani. Kisha dada akafunga pipa, akawasha. Sauti ilikuwa nzito kuliko ya asubuhi, na unga ulitoka taratibu. Mwanamke mwenye mtoto alilalamika kwamba mashine imekuwa mvivu.

Injinia hakwenda kwenye gari. Alitafuta nafasi kwenye duara, akakaa chini karibu na pipa kati ya yule mwanamke na foleni yake, magoti yake marefu yakiwa juu, vumbi likianza kumfunika viatu. Alikaa hapo mpaka dada alipompigia kelele juu ya mlio wa injini:

"Injinia! Sogea upande, unamziba mwenye mawe haoni!"